Siku tatu za Agosti na mama anayetaka kuona ndovu: twende wapi kutoka Nairobi?

Mzazi wa Kasarani anauliza:

Hamjambo nyote. Mama yangu ana umri wa miaka 68, ameishi Kakamega maisha yake yote, na hajawahi kumwona ndovu kwa macho yake. Alinieleza jambo hilo mwezi wa Aprili alipokuwa akimtazama mjukuu wake akichora ndovu, na tangu siku hiyo limekuwa likinisumbua moyoni. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti nitapata siku tatu za mapumziko. Tutakuwa watu watano: mama, mume wangu, mimi, na watoto wawili wenye umri wa miaka 8 na 11.

Mpango niliouandika kwanza ni kulala usiku mmoja Nakuru ili tuingie mbuga ya ziwa, kisha kwenda Maasai Mara kwa sababu ya nyumbu, halafu kurudi Nairobi siku ya tatu. Mume wangu anaona kwamba huo ni mwendo mwingi mno kwa mtu wa umri wa mama. Gari letu ni dogo na liko chini.

Nina wasiwasi mwingine pia. Miaka mitatu iliyopita tulikwenda Mara na kampuni moja ya utalii. Dereva alisikiliza redio ya gari mchana kutwa, na kila alipoambiwa kwamba simba ameonekana mahali fulani alikwenda huko mbio. Tulikuta magari zaidi ya ishirini, watoto wakaona mgongo wa simba kwa dakika chache, tukaondoka kufuata habari nyingine. Tulirudi na picha nyingi, lakini nilipomwuliza kifungua mimba wangu yule simba alikuwa akifanya nini, hakuwa na la kujibu. Sitaki mama apate safari ya namna hiyo. Naomba mnishauri twende wapi, na tufanye nini ili tuwaone wanyama kwa utulivu.

Dereva wa Savana anajibu:

Dada, mfikishie mama salamu zangu za heshima. Nimewaongoza wageni mbugani kwa miaka 19, na ningekuomba uubadilishe mpango huo kabla hujalipia chochote, kwa sababu Ziwa Nakuru halina ndovu hata mmoja. Mbuga hiyo ni nzuri kwa vifaru, weusi na weupe, lakini haitampa mama kile anachokitamani. Mara ina ndovu, ila ukiiunganisha na Nakuru ndani ya siku tatu, mtatumia saa nyingi zaidi barabarani kuliko mbele ya wanyama. Jambo jingine ni kwamba kuvuka kwa nyumbu katika Mto Mara hakuna ratiba. Kundi linaweza kusimama ukingoni nusu siku nzima, kisha likageuka na kurudi malishoni.

Nendeni Amboseli, mlale usiku wote wawili mahali pamoja. Mbuga ina ukubwa wa kilomita za mraba 392 tu, na mwezi wa Agosti ni kiangazi, wakati ambao nyanda zake zinakuwa vumbi tupu. Maji yanayozama ardhini kwenye miteremko ya Kilimanjaro hupita chini ya miamba ya volkano na kuibuka katikati ya mbuga, yakaunda vinamasi visivyokauka, kikiwemo kile cha Enkongo Narok. Ndovu wengi hulala nje ya mbuga kwenye vichaka, asubuhi huingia kwa misururu kuelekea vinamasini, na jioni hurudi walikotoka. Kwa sababu hiyo hamna haja ya kuwafukuzia. Simamisheni gari mapema karibu na njia wanayoitumia, zimeni injini, mkae kimya, nao watawapita wenyewe.

Mkiwa hapo, mwonyesheni mama yule jike mzee anayetangulia, kwa maana ndiye anayeamua kundi lipite wapi na linywe maji wapi. Watoto watazame wadogo: ndama ambaye bado anapita chini ya tumbo la mama yake kwa kawaida hajatimiza mwaka mmoja. Masikio yanayopepea taratibu ni ya kupoza damu, wala hayana ubaya. Lakini ndovu akisimama, akawageukia, akayatandaza masikio na kutikisa kichwa, basi anawaambia kwamba mmekaribia kupita kiasi. Dume lenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio liko katika kipindi cha kutafuta jike na hukasirika upesi. Hilo mliachie njia yote. Mimi hurudi nyuma polepole bila kupiga honi, hata kama mgeni ananisihi nisogee.

Kuhusu gari, lenu linaweza kuwafikisha Kimana, mji mdogo ulio karibu na mbuga, bila shida, kwa kuwa barabara ya kutoka Emali kuelekea Oloitoktok ni ya lami. Liacheni hapo kwenye nyumba ya wageni, mkodi gari la juu lenye madirisha makubwa pamoja na dereva wa huko. Mkubaliane naye mapema, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba redio itazimwa na kwamba ninyi ndio mtakaosema wakati wa kuondoka.

Mpenzi wa Tsavo anajibu:

Ninaheshimu maoni ya ndugu aliyetangulia, lakini ninasikitika kwamba Tsavo Magharibi husahaulika kila mara. Chemchemi za Mzima zina maji maangavu ambamo viboko na samaki huonekana vizuri, kuna chumba cha kutazamia kilichojengwa chini ya uso wa maji, na ndovu wa huko wana rangi nyekundu kwa sababu hujipaka udongo wa Tsavo. Hata hivyo, lazima niseme ukweli kwamba mbuga ni pana sana, zaidi ya kilomita za mraba 9,000, na vichaka vyake huwaficha wanyama. Kwa mtu mwenye siku tatu na mzazi mzee, Amboseli ni rahisi zaidi. Tsavo iwekeeni likizo ya Desemba.

Mzazi wa Kasarani:

Asanteni sana. Sikujua kabisa kwamba Nakuru haina ndovu, na nilikuwa nimekaribia kulipia vyumba. Mume wangu amefurahi mno. Swali langu lililobaki ni kuhusu watoto: wakiona nyika tupu husema hakuna kitu na kuchukua simu. Je, mtu hujifunzaje kuona?

Mwalimu wa Lang'ata anajibu:

Dada, wafundishe kabla ya safari, hapa hapa Nairobi. Kila muhula mimi huwapeleka wanafunzi wa chama chetu cha mazingira katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 na yenye kilomita za mraba 117. Haina ndovu, lakini ina vifaru, simba, nyati, twiga na swala wa aina nyingi, na gari lenu dogo linatosha wakati wa ukavu. Mvua ikinyesha msiingie nalo, kwa sababu udongo ule mweusi hunasa magurudumu. Muwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia saa nne jua likipanda, simba hujilaza kivulini na mara nyingi mtaona ncha za masikio tu.

Somo langu la kwanza ni kwamba tusimtafute mnyama mzima. Miti na nyasi husimama wima, kwa hiyo mstari uliolala kama mgongo au tumbo ndio unaostahili kutazamwa tena. Huwaambia pia watazame kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa jicho lililozoea kusoma kutoka kushoto hupita haraka mno upande huo, na likigeuzwa hulazimika kwenda polepole. Kwenye mgunga mkubwa watafute mkia unaoning'inia, kwani chui hujificha vizuri lakini mkia humtoa.

Somo la pili ni kuwauliza wanyama wengine. Twiga wote wakisimama wima wakitazama upande mmoja bila kutafuna, wanajua kitu ambacho ninyi bado hamkijui. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa la saba aliniomba tusubiri kwa sababu ya kongoni mmoja aliyekuwa akikoroma kuelekea kichaka ambacho sisi sote tulikuwa tumekwisha kukipita. Baada ya dakika 25 walitoka simba jike wawili. Basi lilikuwa kimya kabisa, na hakuna mtoto aliyeomba simu siku ile.

Kama mnaweza, nunueni au azimeni darubini moja iliyoandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Zenye nguvu zaidi hutetemeka mikononi mwa mtoto, na hata mwa mzee.

Mzazi wa Kasarani:

Mwalimu, tutakwenda Jumamosi hii, nami nitamwachia kifungua mimba aamue tusimame wapi na kwa muda gani. Amboseli tumeichagua, usiku wote wawili. Dereva, kuna jambo la langoni ambalo nisipolijua litatukwamisha?

Dereva wa Savana:

Lipeni mapema kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, kwa maana fedha taslimu hazipokelewi, na watu wazima wote wabebe vitambulisho ili mtozwe ada ya raia. Msibebe maji ya chupa za plastiki za kutumiwa mara moja, ambazo zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu Juni 2020. Jazeni chupa za chuma. Mbebeeni mama sweta, kwa sababu asubuhi za Agosti zina baridi, pamoja na leso ya kujifunikia vumbi. Asilazimike kusimama kutazama juu ya paa la gari. Mpeni kiti cha mbele, kando ya dereva. Mkiingia alfajiri kwa lango la Kimana, upande huo wa kushoto ndio wenye mlima, na kama mawingu hayajaufunika atauona ukiwa nyuma ya ndovu.