Njia ya Appalachian, sehemu ya Shenandoah, mwishoni mwa Oktoba: je, siku nane zinamtosha mtu aliye peke yake?

Nyayo ameuliza:

Habari zenu, ndugu watembezi. Naomba ushauri wenu kabla sijaomba kibali cha kulala porini.

Kama mnavyojua, Njia ya Appalachian ina urefu wa takriban kilomita 3,500, kutoka Mlima Springer katika jimbo la Georgia hadi Mlima Katahdin katika jimbo la Maine. Kwa kuwa sina miezi ya kuimaliza kwa mkupuo mmoja, nimekuwa nikiitembea vipande vipande kila nipatapo likizo. Vipande vitatu vilivyopita nilikwenda na wenzangu. Safari hii hakuna aliyepata nafasi, nami nimeamua kwenda peke yangu. Nataka kutembea sehemu yote iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, jimboni Virginia, ambayo inazidi kidogo kilomita 160, nikianzia Rockfish Gap upande wa kusini na kuishia karibu na mji wa Front Royal.

Nina siku nane, kuanzia tarehe 20 hadi 27 Oktoba, kwa hiyo nimepanga kilomita 20 na ushei kila siku. Kiangazi kilichopita nilimudu kilomita 22 bila kuchoka kupita kiasi. Mkoba wangu utakuwa na kilo 16 hivi, kwa sababu nataka kubeba chakula cha siku zote nane nisilazimike kutoka njiani. Je, mpango huu ni wa busara katika majira ya mapukutiko? Tena, nikiri wazi kwamba kinachoninyima usingizi ni dubu kuliko kitu kingine chochote.

Mtembezi wa Alfajiri amejibu:

Ndugu Nyayo, hongera kwa uamuzi huo. Niruhusu nianze na jua, maana ndilo litakalokupangia safari kuliko ramani.

Katika tarehe ulizotaja jua huchomoza huko yapata saa 1:25 asubuhi na kutua saa 12:25 jioni, yaani una saa 11 tu za mwanga, na kwenye mabonde yenye miti mizito giza hutangulia. Sasa fanya hesabu ya William Naismith, yule Mskoti aliyeiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 20 zenye mita 900 za kupanda zitakuchukua saa tano na nusu, lakini hayo ni makadirio ya mtu mwepesi, kwenye njia nzuri, asiyepumzika. Kwa mkoba wa kilo 16 mimi huongeza nusu ya muda huo, kisha naongeza saa moja ya kula na kuchota maji. Hapo umeshatumia saa tisa na zaidi za kutembea, na ni siku ambayo hakuna lililoharibika. Ukiteguka kifundo kidogo tu, au ukikuta chemchemi imekauka, usiku utakukuta njiani.

Halafu kuna majani. Mwishoni mwa Oktoba mialoni na miti mingine huwa imeanza kumwaga majani yake, nayo hufunika mawe, mizizi na hata njia yenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa nateremka kabla ya jua kutua, nikifuata kile nilichodhani ni njia, kumbe ni mkondo wa maji ya mvua uliojaa majani. Nilikwenda karibu dakika ishirini kabla ya kugundua kwamba sijaona alama nyeupe hata moja. Alama zile ni mistari yenye upana wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 15, iliyopakwa kwenye miti na mawe, na mbili zikiwa juu na chini maana yake ni kwamba njia inapinda au kuna jambo la kuangalia. Nilisimama, nikawasha taa ya kichwani, nikarudi nilikotoka hadi kwenye alama ya mwisho niliyokuwa na hakika nayo. Tangu hapo nimejiwekea sheria: nisipoona alama kwa dakika tano, narudi. Ukiwa peke yako hakuna macho ya pili ya kukusahihisha.

Vibanda vya kulala navyo havikupangwa kwa ajili ya siku fupi. Kutoka Blackrock hadi Pinefield ni kama kilomita 21, kutoka Pinefield hadi Hightop ni 13, na kutoka Hightop hadi Bearfence ni 20. Shauri langu ni upunguze safari: anzia Swift Run Gap, ambapo barabara kuu namba 33 inakata hifadhi, uende kaskazini. Hiyo ni kama kilomita 100 hadi Front Royal.

Bi Chemchemi amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu, ila mimi nahofia maji na baridi kuliko giza.

Oktoba inaweza kuwa kavu sana katika milima hiyo, na chemchemi iliyokuwa ikibubujika mwezi Mei unaweza kuikuta ikidondosha tone baada ya tone. Usiondoke kwenye chanzo chenye maji ya uhakika bila kujaza lita mbili, na waulize unaopishana nao wakitoka upande unakokwenda, kwa kuwa taarifa yao ni ya asubuhi ileile. Maji yote yasafishwe, hata yakiwa maangavu kama kioo, kwa sababu ya vimelea vya giadia.

Kuhusu chujio lako: kama ni lile la nyuzi zenye matundu madogo, likishapita maji mara moja halitakiwi kugandishwa kamwe. Maji yanayobaki ndani hutanuka yakiwa barafu na kupasua nyuzi, wala hutaona ufa wowote kwa nje. Litaendelea kupitisha maji kana kwamba ni zima. Mimi hulikung'uta, nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikalala nalo ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mtungi wa gesi, maana gesi ikipoa sana jiko halina nguvu hata ya kuchemsha kikombe cha chai. Usidanganyike na hali ya hewa ya mjini bondeni: kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5, na njia hii kwa sehemu kubwa iko mgongoni mwa mlima. Usiku wa kuganda ni wa kutarajiwa. Hata hivyo, mvua yenye upepo kwenye nyuzi 5 ni hatari kuliko baridi kavu, kwa hiyo weka seti moja ya nguo za kulalia zisizoguswa na unyevu kwa hali yoyote, na pamba iache nyumbani.

Chakula cha siku nane usikibebe. Njia inapita karibu na Big Meadows, ambako unaweza kununua mahitaji. Thibitisha tu tarehe za kufunga, kwani huduma hizo husimama majira ya baridi. Utapunguza karibu kilo tatu. Jambo dogo la mwisho: kupe wakubwa wenye miguu myeusi huwa hai hata Oktoba na Novemba. Jikague kila jioni nyuma ya magoti na kiunoni.

Mzee Kipenga amejibu:

Mwanangu, umeuliza habari za dubu na hakuna aliyekujibu. Dubu weusi wa Shenandoah katika msimu huu wanakula mchana kutwa ili wapate mafuta ya kuwapitisha majira ya baridi, na chakula chao kikuu ni mbegu za mialoni. Piga makofi au zungumza unapopita kwenye vichaka, nao watakupisha. Shida huanza chakula kikilala ndani ya hema. Sheria ya hifadhi inataka ukitundike angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina la mti, au utumie kopo gumu la kuzuia dubu. Kwenye vibanda kuna nguzo za chuma za kutundikia. Dawa ya meno na sabuni huhesabiwa kuwa chakula. Moto wa kuni nao hauruhusiwi porini isipokuwa kwenye majiko yaliyojengwa vibandani.

Sikubaliani kwamba ni lazima ufupishe safari. Mwenye mazoezi anaweza kuimaliza yote, mradi awe tayari kuikatisha. Barabara ya Skyline inakatana na njia mara nyingi, kwa hiyo weka alama kwenye ramani kila mahali unapoweza kutoka, na uandike saa ya mwisho ya kuamua: kama saa 8 mchana hujafika mahali fulani, unalala hapo karibu na kwenda zaidi ni marufuku. Na mtu mmoja nyumbani awe na ratiba yako na saa ambayo, usiposikika, atapiga simu kwa askari wa hifadhi. Usimwambie "nitakutafuta nikipata mtandao", kwa maana mabondeni mtandao haupo.

Nyayo amejibu:

Asanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimefuata shauri la kuanzia Swift Run Gap. Siku ya kwanza nitaishia Bearfence, kama kilomita 14, kisha nitapita Big Meadows kuchukua chakula. Kipande kirefu cha kutoka Pass Mountain hadi Gravel Springs, ambacho ni kilomita 21, nimekigawa kwa siku mbili. Tarehe 27 nimeiacha wazi kabisa.

Karatasi ya ratiba, yenye rangi ya hema langu na namba ya kibali, anayo dada yangu. Tumekubaliana kwamba ikifika saa 2 usiku tarehe 27 hajasikia sauti yangu, atapiga simu hifadhini bila kusubiri kupambazuke.