Mrejesho: Volkswagen Beetle iliyokuwa inavuja oili chini ya silinda

Habari za Tabora, wakuu. Niliuliza kama nikiweka shimu (pete nyembamba ya chuma ya kuinua silinda) chini ya silinda za injini yangu ya 1600 bado nahitaji gasketi ya karatasi, maana oili ilikuwa inatoka pale silinda inapokaa kwenye bloku. Jibu: karatasi tumeiacha.

Gundi nene ya karakana ya awali tulikuta imemeguka, vipande vimenasa kwenye chujio la oili. Hilo liliniuma sana. Safari hii fundi alipaka utando mwembamba tu wa gundi inayostahimili oili na joto, pande zote mbili za shimu.

Kazi kubwa ilikuwa vipimo. Silinda ilibanwa kwa muda kwa vipande vya bomba kwenye stadi (boliti ndefu zinazoshika silinda na hedi), pistoni ikapandishwa hadi juu kabisa, tukapima kutoka kichwa chake hadi ukingo wa silinda. Tulipata milimita 0.8. Shimu ya 0.5 ikatufikisha 1.3. Silinda mbili za upande mmoja lazima zilingane kimo, kwa sababu zinabeba hedi moja (kifuniko cha juu cha silinda), na pale juu hakuna gasketi, ni chuma kwa chuma. Zikitofautiana, kompresheni itatoroka.

Stadi zangu ni za milimita 10, tukakaza kwa Nm 32 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), hatua kwa hatua. Za milimita 8 ni Nm 25, msizichanganye.

Nimekwenda Urambo na kurudi juani. Chini pakavu kabisa. Kaka uliyesisitiza tupime kwanza, asante sana.