Gumzo la kikundi: Jumamosi kupanda mikoko, Gazi, pwani ya Kenya

[19:02] Da Mwana: Assalam aleikum nyote. Mwezi mpevu ni Alhamisi, kwa hivyo Jumamosi bado ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana. Maji yatakupwa kabisa kama saa tano asubuhi. Saa tatu na nusu tuwe tumeshuka, saa sita tuwe juu. Kila nyumba mtu mmoja, na watoto waje.

[19:05] Da Mwana: Mbegu za mkoko zichumwe Ijumaa. Iliyokomaa ina pete ya manjano pale inaposhikana na tunda, ukiigusa tu inaanguka. Isiyo na pete iacheni mtini. Iliyotobolewa na dudu tupeni. Zikae kivulini kwenye gunia lililolowa.

[19:31] Da Mwana: Watu 46 kikundini, hajajibu hata mmoja.

[19:48] Mama Watatu: Magunia ninayo mawili. Watoto wavae nini?

[19:49] Da Mwana: Viatu vya kufunga kamba. Ndara zinabaki topeni, na chaza walioganda mizizini wanakata mguu.

[19:52] Kijana wa Boda: Kaa koko akishika mtu kidole je? 😂

[19:53] Mama Watatu: Tunampika na nazi

[19:53] Kijana wa Boda: Basi nakuja na sufuria 😂😂

[19:55] Da Mwana: Tafadhalini. Nani ana kamba ya kupimia? Mche na mche ni mita moja. Kipande ni mita 20 kwa 20, mbegu 400. Theluthi moja iingie topeni, ncha iliyochongoka ikiwa chini.

[20:40] Nahodha: Kipande kipi? Mwaka ule wa wageni wa fulana mlipanda tunapoegesha mashua, juu ya nyasi za bahari. Hakuna mche uliosimama. Nyavu zetu zikanasa vijiti kusi nzima.

[20:42] Da Mwana: Nahodha, hilo lilishazungumzwa.

[20:42] Nahodha: Lilizungumzwa. Halikujibiwa.

[20:58] Mwalimu: Nahodha ana haki. Pale maji hayaondoki vya kutosha. Mche ukizama muda mrefu unakosa pumzi, na mwani unaulalia mpaka unavunjika. Ukingoni mwa bahari ni pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikokoni. Mkoko unataka tope laini linalofunuka maji yakitoka. Juu kwenye chumvi kali ni pa aina nyingine tena, mchu na mkandaa.

[21:00] Da Mwana: Safari hii ni lile pengo nyuma ya mikoko iliyopandwa 1994.

[21:04] Mwalimu: Hesabuni kwanza machipukizi yaliyoota yenyewe. Yakiwa yametosha, msipande, mtayakanyaga bure.

[21:37] Babu: Nimesoma yote. Pengo hilo mchanga umeziba mkondo, maji ya bahari hayaingii. Hata mpande mara kumi, miche itakauka. Kule hori ya Mwache, Mombasa, mchanga wa mafuriko ya 1997 ulifunika mizizi, mikoko mikubwa ikafa imesimama. Fungueni mkondo kwanza. Na Nahodha aombwe radhi, humu humu mlimomnyamazisha.

[22:10] Da Mwana: Shikamoo Babu. Nahodha, niwie radhi. Tulipaswa kukuuliza kabla ya kupanda.

[22:15] Nahodha: Nimepokea.

[22:19] Mwalimu: Kuchimba mkondo hatuchimbi bila ruhusa ya ofisi ya misitu, na leo ni Jumatano. Ila watoto wapite daraja la mbao la kina mama, linalopita mikokoni, waone mbegu ikining'inia mtini, imeshachipua kabla haijaanguka. Wakubwa tutembee pengo zima na vijiti, tupime mchanga una kina gani.

[22:21] Da Mwana: Na mbegu?

[22:30] Mwalimu: Tungoje jibu la ofisi.

[22:31] Da Mwana: Zikianguka zinachukuliwa na maji, Mwalimu. Nitakupigia asubuhi.

[05:50] Kijana wa Boda: Kamba ya kupimia ipo kwa fundi, mita 30. Naileta.

[06:12] Nahodha: Nitakuwepo saa tatu. Mkondo wa zamani ulikopita napajua.

[06:20] Mama Watatu: Sasa Ijumaa nichume au nisichume? Na mwenye viatu vya kamba namba 34 aniazime, watoto watatu na jozi ni mbili.