Mjadala: Ardhi ya akiba ya kijiji, vijana wapewe kwanza?

Kigingi
Wadau, naweka hoja mezani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Namba 5 ya 1999, kifungu cha 12, inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ambayo tayari ina wenyewe, na iliyobaki ambayo kijiji kinaweza kuigawa baadaye. Hilo fungu la tatu ndilo tunaloliita ardhi ya akiba. Msimamo wangu: kijiji kitunge sheria ndogo kwamba nusu ya akiba iende kwa wenye miaka 18 hadi 35 ambao hawana hata ekari moja kwa majina yao, wake kwa waume, na wenye ulemavu wa umri wowote.

Sababu ni hii. Kwa kanuni za sheria hiyo za 2001, kijiji chenyewe kinaweza kugawa hadi hekta 20. Kuanzia 21 hadi 50 ni lazima halmashauri ya wilaya ihusike, na zaidi ya hapo ni Kamishna wa Ardhi. Hekta 20 ni ekari 49 na kidogo. Mwombaji mwenye pesa hana haja ya kwenda wilayani. Anaomba ekari 49, mkewe anaomba nyingine, shemeji naye. Kijana wa hapo hapo anaambiwa asubiri urithi, na baba ana miaka 55 na afya tele.

Mzee wa Mpaka
Ndugu Kigingi, hoja nzuri, ila umeanzia darini. Kwanza kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji? Mipaka na vijiji jirani imesainiwa na pande zote? Mpango wa matumizi ya ardhi umepitishwa na mkutano mkuu, au uliishia kwenye kabati la mtendaji? Ukigawa akiba kabla ya hayo unagawa ugomvi. Kwenye ramani akiba ni doa jeupe. Uwandani hilo doa ndilo njia ya ng'ombe kwenda lambo, na ndiko kina mama wanakokata kuni.

Halafu kuna kipimo. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 anapata mita 63 kwa 63, yaani mita za mraba 3,969, karibu sawa na ekari halisi ya 4,047. Akitembea mtu wa hatua ya sentimita 75 inakuwa mita 52.5 kwa 52.5, mita za mraba 2,756. Theluthi ya shamba imeyeyuka na hakuna aliyeiba. Wale wanaosema "tutumie GPS ya mkononi" wajue nayo hukosea mita 3 hadi 5. Kwenye ubavu wa mita 63, kosa la mita 5 ni mita za mraba 315, karibu asilimia 8 ya ekari. Kwa viwanja vidogo vidogo vya vijana vinavyogusana, hapo ndipo jembe linapogeuka silaha. Wekeni vigingi, majirani wa pande zote wawepo na wasaini, pandeni minyaa au masale siku hiyo hiyo. Alama inayoota haing'olewi usiku kimya kimya kama kigingi.

Jembe la Kukodi
Mimi sikubaliani na msingi wenyewe. Kijana hahitaji kumiliki ili alime, anahitaji mkataba wa kukodi usiovunjika. Tunakodi kwa msimu mmoja mmoja, ndiyo maana ardhi inachoka: nani atamwaga samadi ambayo nguvu yake inaendelea mwaka wa pili na wa tatu, wakati mwenye shamba akiona mahindi yamenona anarudi kulima mwenyewe? Parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ni miche kama 82 kwa ekari, na mche uliobebeshwa (uliounganishwa) huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Kwa mkataba wa msimu huwezi hata kuchimba mashimo.

Tazameni mikataba inavyoharibika. Mtu anakodi shamba, anapanda mahindi na mbaazi pamoja. Mkataba umeandikwa "msimu mmoja". Mahindi yanavunwa, mwenye shamba anahesabu msimu umekwisha, anafungulia ng'ombe, na mbaazi ndiyo kwanza inatoa maua. Dawa ni mstari mmoja tu: mkataba unakwisha baada ya kuvuna zao la mwisho, na zao litajwe kwa jina. Kodi ikiwa ni ya mazao, andikeni kilo, msiandike gunia, maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, nayo inaitwa gunia. Mke au mume wa mwenye shamba asaini. Kama shamba ni la marehemu, anayekodisha awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, asiwe tu kaka mkubwa. Na iandikwe nani anafidiwa miti na matuta mkataba ukikatwa kabla ya wakati.

Bi Kiambaza
Kaka Jembe, mkataba mzuri unamfaa mwenye kitu mkononi. Msichana wa miaka 22 anakodi kwa dhamana gani? Nyumbani haandikwi kwa sababu "ataolewa", kwa mumewe haandikwi kwa sababu "amekuja tu". Sheria haina shida hapo: kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Shida ni siku ya uhakiki shambani. Karani anauliza "shamba la nani?", mzee anajibu, jina moja linaandikwa, wanahamia shamba la pili. Hati ya kimila, yaani hati ya hakimiliki ya ardhi ya kijiji, inaweza kubeba majina mawili, lakini ni lazima mtu aliulize hilo swali palepale kwenye mpaka. Kurekebisha baada ya hati kutoka ni safari za wilayani zisizokwisha.

Kwa hiyo nusu ya Kigingi naiunga mkono kwa sharti: wanawake wahesabiwe peke yao ndani yake. Ukisema "vijana" na kunyamaza, orodha itajaa wavulana.

Malisho
Mnaongea kana kwamba kila kijana ana jembe. Tupige hesabu ya kijana mfugaji. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 7 za majani makavu kwa siku. Tuseme hekta inatoa kilo 2,000 kwa mwaka, na nusu lazima ibaki ili nyasi zisife. Kilo 1,000 gawa kwa 7 ni siku 142. Ng'ombe mmoja kwa mwaka anataka zaidi ya hekta 2 na nusu. Sasa mgawieni huyo kijana ekari zake 5, yaani hekta 2: hazimtoshi ng'ombe mmoja! Ataziuza, na mnunuzi ataweka senyenge katikati ya njia ya mifugo.

Kwa wafugaji gawio la mmoja mmoja ni sumu. Kinachofaa ni hati ya kimila ya kikundi. Hata Wahadzabe wa Yaeda Chini, ambao ni wawindaji, walipata hati za namna hiyo 2011. Kule Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi, wakauita OLENGAPA, kwa sababu mvua haifuati mpaka wa kijiji.

Wa Kitale
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu hata kukodisha shamba la kilimo kunahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila hicho mkataba ni batili, na vijana wengi hulipa kwanza wakaulizia bodi baadaye. Ninyi mnaopendekeza mikataba mirefu, hakikisheni mnajua nani ana mamlaka ya kuikubali.

Kigingi
Asante Wa Kitale. Kwetu ni halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25 kwenye kikao chenye muhtasari. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si kibali, wala saini ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji. Anayelipia shamba kwa karatasi ya mtu mmoja amenunua karatasi.

Malisho umenishika, sehemu za wafugaji naondoa gawio la mmoja mmoja. Kwa Jembe nakwenda nusu njia: kifungu cha 27 kinaruhusu hakimiliki ya kimila itolewe bila kikomo, kwa muda maalumu, au mwaka hadi mwaka. Kijana apewe miaka 10 kwanza. Akilima, muda uongezwe. Asipolima, inarudi akiba bila kesi.

Jembe la Kukodi
Miaka 10 parachichi ndiyo kwanza limekolea. Nani atapanda akijua mwaka wa 10 anasimama mbele ya kikao kuomba upya? Na kwa nini usianze na mashamba yaliyotelekezwa? Kifungu cha 45 kinagusa ardhi isiyotumika miaka 5.

Mzee wa Mpaka
Kinagusa, lakini kupumzisha ardhi kunahesabiwa ni kuitumia. Kila mwenye pori atakwambia anapumzisha.

Mdau Mpya
Mbona hamgusi BBT (Building a Better Tomorrow), mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana? Mashamba ya pamoja ya Chinangali na Ndogowe kule Dodoma si ndiyo jibu?

Kigingi
Ni jibu la swali jingine. Shamba la pamoja linaleta kisima, trekta na soko mahali pamoja, ambavyo ekari moja moja haiwezi kubeba. Lakini kisima kikiwa kimoja, pampu ikizima wote mnakauka siku moja, na kijana inabidi ahame kwao. Hoja yangu ni ardhi ya pale alipo.

Bi Kiambaza
Basi sheria ndogo hiyo ipiteje? Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, na hukaa kila miezi mitatu. Vijana hawaendi. Wazee wanakwenda, wanapitisha, wanaondoka. Ikishapita mkutano mkuu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na kabla ya hapo haina nguvu.

Mzee wa Mpaka
Tuseme imepita. Kijiji kimepima, akiba ni ekari 30, nusu yake 15, walioomba ni 140. Fomu namba 18 za maombi ziko mezani na halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kujibu kila moja. Bahati nasibu, zamu, au nani?

Malisho
Kikundi. Ekari 15 za bustani ya umwagiliaji, hati moja, majina 140.

Jembe la Kukodi
Na siku ya kulipia dizeli ya pampu wanafika 9.