Allidina Visram alikuwa nani hasa?

Kijana wa Tudor: Wadau habari zenu, mdogo wangu yuko kidato cha pili pale Allidina hapa Mombasa, wamepewa asaimenti waandike maisha ya huyo mtu mwenye jina la shule na huku nyumbani kila mtu ana lake, mmoja asema alikuwa gavana mwengine asema mwalimu. Mwenye kumjua vizuri atusaidie tafadhali.

Mwana wa Bandari: Gavana wapi! Alikuwa mfanyabiashara na kiongozi wa Maismaili, wale Waislamu wanaomfuata Aga Khan, naye Aga Khan akampa cheo cha heshima cha Varas. Kazaliwa 1851 Kera, kule Kutch India, akavuka bahari akiwa na miaka 12 tu, akaingia Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo yule tajiri wa misafara na hapo ndo alipojifunza kazi, vitambaa na chumvi vinaenda bara, pembe za ndovu zinarudi pwani. Baadae akawa na misafara yake mwenyewe, na reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa 1896 akawa anaifuata, ikifika stesheni na yeye anafungua duka. Uganda alikuwa mpaka na viwanda vya kuchambua pamba.

Bi Kisauni: Mwanangu, mwambie mdogo wako asiandike kuwa yeye ndo alojenga shule, wengi hukosea hapo. Mzee alifariki 1916 kwa homa, alikuwa ametoka safari ya Kongo. Shule kaijenga mwanawe Abdulrasul kumkumbuka babake, ikamalizika 1923. Ilianza ni ya Wahindi, leo wasoma watoto wa kila kabila, na yale maduka yote yalishaporomoka zamani. Sanamu yake iko Treasury Square, mpeleke akaione.

Mnyamwezi Halisi: Heshima yake nampa, lakini jamani na wapagazi watajwe! Pembe hazikutembea zenyewe kutoka Tabora hadi Bagamoyo, babu zetu walizibeba mabegani miezi na miezi na wengi walifia njiani, hakuna shule yenye majina yao. Dogo aweke hata aya moja.

Kijana wa Tudor: Shukran sana nyote, ya wapagazi ataiweka, nitahakikisha. Na mambo ya kusaidia watu je, alikuwa mtoaji?

Mwana wa Bandari: Sana. Muislamu yule lakini alichangia mpaka kanisa kuu la Namirembe kule Kampala, hiyo asiiache.