Nyani hacheki, anakutisha

Kundi la WhatsApp: Majirani wa Diani 🌴

Bi Rehema: [picha] Jamani, tazameni huyu jirani mpya juu ya ukuta wangu. Anapiga miayo kama mlinzi wa zamu ya usiku 😂

Salim: Na wa nyuma yake anacheka, meno yote nje. Utadhani anapigwa picha ya kitambulisho.

Saumu: Bi Rehema, ingia ndani kwanza, kucheka baadaye. Huyo dume hana usingizi. Nyani dume akipanua kinywa hivyo huku anakutazama, anakuonyesha chonge zake. Tazama na nyusi: amezivuta juu mpaka kope zile nyeupe zimetokeza. Kwa kinyani hiyo ni "wewe unasemaje?"

Bi Rehema: Uwii! Nimeshaingia. Na yule anayecheka?

Saumu: Hacheki. Midomo imevutwa nyuma, mabega yameshuka, mkundu ameuelekeza kwa dume. Anajinyenyekeza asipigwe. Ni ile mtu anavyomchekea bosi kwa mzaha usiochekesha.

Salim: Basi huyo ni mwenzetu kabisa.

Mzee Kassim: Hapo ndipo wageni wanapoumizwa. Mgeni anamtazama nyani machoni, halafu anatabasamu. Nyani yeye ameona mtu amemkodolea macho na kumtolea meno. Ukikutana naye, tazama kando, geuka ubavu, ondoka polepole, usikimbie. Kama huna chakula, fungua viganja vyote viwili avione. Kama unacho na ameshakishika, mwachie.

Mwl. Dzombo: Kicheko chenyewe kipo kwa sokwe mtu. Akitekenywa hutweta "hah hah hah", kinywa wazi, midomo imefunika meno ya juu. Lakini sokwe si nyani, hana mkia. Nasema mapema kabla Salim hajawaita wote tumbili.

Salim: Mwalimu, mimi hata sijafungua mdomo.

Saumu: Ukitaka kuona nyani anayesalimu kwa wema, tazama midomo: anaichapachapa haraka haraka, bila sauti kubwa. Mama humfanyia mtoto, rafiki humfanyia rafiki.

Mwl. Dzombo: Na wenzao wa Asia wanaoitwa makaki walipopimwa, kasi ya kuchapa midomo ilikuwa kama mara 5 kwa sekunde. Ndiyo kasi ya silabi zetu tunapozungumza. Wengine wanaona usemi wetu ulianzia kwenye michapo ya namna hiyo.

Bi Rehema: Ndiyo maana michapo haiishi mjini 😂

Mzee Kassim: Mambo ya sura yanatudanganya. Ukitaka kucheka kweli, tazama ukoo wa nyani. Dume akishabalehe huhama kwenda kundi jingine. Jike hubaki kwao maisha yote na hurithi cheo cha mamake. Binti wa jike mkubwa, hata awe mdogo kama paka, majike wazima wa ukoo wa chini humpisha penye chakula. Na dada kwa dada, anayetawala kwa kawaida ni yule mdogo.

Bi Rehema: Kitinda mimba anawatawala dada zake?!

Mzee Kassim: Naam. Wakigombana, mama huingia upande wa mdogo. Dada mkubwa anashindwa leo, anashindwa kesho, mwisho anazoea kupisha.

Salim: Nyumba yetu imetajwa bila ruhusa.

Mwl. Dzombo: Tumbili wana kisasi cha ukoo pia. Amboseli, watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waliona kwamba tumbili wawili wakigombana, baadaye ndugu wa mmoja huweza kumvamia ndugu wa mwingine, ambaye kwenye ugomvi hakuwepo kabisa. Maana yake tumbili anajua nani ni wa nani.

Salim: Kesi ya nyani kapelekewa ngedere, na ngedere naye ni shemeji.

Mwl. Dzombo: Tumbili hao hao wana milio tofauti ya kuonya. Mlio wa chui, wote mtini. Wa tai, wanatazama juu na kujitupa vichakani. Wa chatu, wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasini. Mtoto hukosea: hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, hata jani likianguka. Wakubwa hutazama juu, wakiona si kitu wanaendelea kula.

Fundi Chengo: Kama wanaotuma "imesambazwa mara nyingi" humu.

Bi Rehema: Fundi umeamka! Haya, na kule kutoana chawa? Hapa majike wawili wamekaa saa nzima ni kama saluni.

Saumu: Ni saluni kweli. Tazama mikono: mmoja unatenga manyoya, mwingine unachomoa kwa gumba na kidole cha shahada, kisha mdomoni. Si chawa tu. Ni kupe, magamba ya ngozi, vichembe. Wanapendelea kisogo na mgongo, ambako mwenyewe hafiki. Amboseli nyani wanaosafishwa zaidi walikutwa na kupe wachache. Na mama mwenye kichanga hupata wateja wengi, kila jike anataka kumshika mtoto. Anamsafisha mama kwanza, ndipo anaruhusiwa kumgusa mtoto.

Bi Rehema: Ndiyo kwenda kumtazama mzazi na sabuni ya mtoto mkononi 😂😂

Salim: Na mishahara? Wanadai?

Mwl. Dzombo: Wanadai! Mwaka 2003 Sarah Brosnan na Frans de Waal walichapisha jaribio la kima wa Amerika ya Kusini waitwao kapuchini. Kila mmoja alikuwa akirudisha kijiwe na kulipwa kipande cha tango, na wote waliridhika. Siku jirani alipolipwa zabibu kwa kazi ile ile, wa tango wengi waligoma. Wengine hawakurudisha kijiwe, wengine walikataa tango lenyewe.

Salim: Chama cha wafanyakazi kipo. Safi.

Saumu: Mbega ndiye mzee aliyeshiba biriani. Anakula majani, tumbo lake lina vyumba na bakteria wa kuyachachusha, kwa hiyo nusu ya mchana amekaa tu anasaga. Ndizi na mkate vinavuruga uchachushaji huo, tumbo linajaa gesi na anaweza kufa. Tafadhalini msimpe, hata akiwatazama kwa huruma.

Bi Rehema: Sawa. Sasa jikoni kwangu nifanyeje? Dirisha lina grili na bado wanaiba.

Fundi Chengo: Nafasi kati ya nondo ni ngapi?

Bi Rehema: Kama inchi 4.

Fundi Chengo: Basi mtoto wa tumbili anapita mzima mzima, na mkubwa anaingiza mkono mpaka begani. Wavu wa mbu wa plastiki usihesabu, wanauchana kwa kucha. Weka wavu wa chuma wa kuchomelea, matundu ya inchi 1, kwenye fremu ya chuma cha pembe, ufungwe kwa nje. Fremu iwe na bawaba upate kuosha kioo. Mlango wenye kitasa cha kushusha chini nyani anafungua, ongeza komeo juu.

Saumu: Na matunda yasikae mezani kwenye chombo cha kioo. Nyani, kima na tumbili wanaona rangi karibu kama sisi, embe bivu wanaliona toka mtini. Tumia chombo kisichoonyesha ndani. Tumbili akiingia hali hapo: anajaza vifuko vya mashavuni na kukimbia.

Salim: Kama wale wa harusini na mifuko ya plastiki ndani ya mikoba.

Mzee Kassim: Pipa la taka lifungwe kwa klipu au mpira wa kuvuta pande zote mbili. Jiwe juu ya mfuniko nyani analishusha. Na akikuuma au kukukwaruza, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Usipake mafuta taa.

Fundi Chengo: Bi Rehema, nitumie vipimo vya dirisha.

Bi Rehema: Upana futi 4, urefu futi 3. Kutoka nje kupima upya siwezi, dume bado anapiga miayo.

Saumu: Anakutazama?

Bi Rehema: Hapana, sasa amefumba macho.

Saumu: Aa, basi huo ni usingizi.