Mhasibu kijana anayetaka kurudi Tanga

Swali:
Ndugu zangu, nimemaliza shahada ya uhasibu Dar es Salaam na ningependa kujenga taaluma yangu nyumbani Tanga, ingawa wenzangu wanadai kuwa nitadumaa. Je, kazi ipo?

Jibu la kwanza:
Ipo, ila usiitafute kwenye matangazo pekee. Tanga ina bandari, saruji na mashamba ya mkonge, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda; shughuli za namna hiyo huvuta wakandarasi na wasafirishaji wadogo ambao vitabu vyao vya hesabu mara nyingi viko ovyo, na hao ndio wateja wako.

Jibu la pili:
Kamilisha kwanza mitihani ya CPA (sifa ya mhasibu mtaalamu) ya NBAA, yaani bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kisha usajiliwe nayo, kwa kuwa bila usajili huo huwezi kufungua ofisi yako ya ukaguzi wa hesabu. Halafu jihadhari na ndugu: watakuletea kazi kwa ahadi ya “tutaonana”, nawe utaona haya kudai. Andikeni mkataba, hata kama mteja ni mjomba wako.

Jibu la tatu:
Mimi ningeanza kwa kuajiriwa kiwandani, ofisi ifuate baadaye.